Kutapika kwa mimba changa ndani ya Ramadhani: uchambuzi wa kisa kimoja cha Pemba

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wauguzi wa vituo, wahudumu wa afya wa shehia, na yeyote mwenye mke, binti au mkwe aliyebeba mimba ya kwanza. Majina, shehia, vituo na mwaka vimeondolewa. Tarehe za mwezi mwandamo zimebakizwa makusudi, kwani bila hizo kisa hakieleweki.

## Usuli

Mwanamke wa miaka 21, ameolewa miezi minane, hajawahi kubeba mimba. Anakaa kwa mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, katika kijiji cha pwani ya Pemba. Mume ni mvuvi, na alikuwa dago, yaani kambi ya wavuvi, tangu katikati ya Shaabani. Mwenyewe analima mwani: siku za bamvu, maji yanapotoka mbali asubuhi kuelekea adhuhuri, hushinda ameinama akifunga taitai (vijikamba vya kushikia mwani) kwenye kamba, jua likimpiga mgongoni.

Hakuwa na maradhi yoyote ya zamani. Uzito wake kabla ya mimba ulijulikana kwa bahati tu. Mwezi wa Rajabu, siku ya kuuza, wasichana walipanda kwa mzaha mizani ya mnunuzi wa mwani, na yeye akasoma kilo 52. Namba hiyo ndiyo iliyokuja kuamua mambo baadaye.

Hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 20 Rajabu, na kwa kawaida huiona kila baada ya siku 28. Umri wa mimba huhesabiwa tangu siku hiyo ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Nyumbani walihesabu tangu siku alipokosa kuona siku zake, yaani 18 Shaabani, kwa hiyo hesabu yao ilikuwa nyuma kwa wiki nne kamili. Kosa hili ni la kawaida mno, na katika kisa hiki lilikuwa na gharama.

Kwa wanaohesabu kwa mwezi mwandamo, hakuna haja ya kugeuza tarehe kwanza. Siku 280 za mimba ni miezi tisa ya mwandamo na takriban siku 14 juu yake. Ukianza 20 Rajabu, miezi tisa inakufikisha 20 Mfungo Saba, yaani mwezi wa saba baada ya Ramadhani. Ongeza siku 14, unapata tarehe 4 Mfungo Nane. Kwa tarehe za kizungu, kanuni ni ile ya kuongeza siku 7 na kurudisha miezi 3. Zote mbili zinafika mahali pamoja, ikipishana siku moja si neno.

## Mtiririko wa matukio

24 Shaabani (wiki 4 na siku 6). Alinunua kipimo cha mkojo kwenye duka la dawa. Mstari wa pili ulikuwa hafifu lakini upo. Mstari hafifu nao ni jibu la ndiyo, ilimradi umesomwa ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Ukisomwa saa moja baadaye hauna maana. Waliojua ni mume, kwa simu, na mavyaa. Mavyaa alimtaka anyamaze mpaka tumbo lionekane lenyewe, kwa kuogopa kijicho.

1 hadi 5 Ramadhani. Alifunga bila taabu. Matiti yaliuma, usingizi ulimzidi, na harufu ya kitunguu kinachokaangwa kwa futari ilianza kumchafua moyo.

6 Ramadhani (wiki 6 na siku 3). Alianza kutapika. Mwanzo ilikuwa baada ya futari tu, halafu na baada ya daku. Kufikia tarehe 9 mate yalimjaa kinywani asiweze kuyameza. Aliweka kopo tupu la maziwa ya unga kando ya kitanda kwa ajili ya kutemea.

10 Ramadhani. Alimuuliza mwalimu wake wa chuo cha Kurani kama saumu yake inasihi huku anatapika. Jibu lilikuwa sahihi kisheria: kutapika kwa kushindwa hakubatilishi saumu, anayejitapisha makusudi ndiye aliyefungua. Akaendelea kufunga.

13 Ramadhani (wiki 7 na siku 3). Alikwenda kituo cha afya akifuatana na wifi yake. Foleni ilikuwa ndefu. Kwenye daftari iliandikwa "mimba wiki 3, kichefuchefu". Aliambiwa mimba changa ndivyo zilivyo, akapewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, akarudi. Hakupimwa uzito, hakupimwa mkojo. Kidonge cha kwanza alikitapika ndani ya nusu saa. Cha siku ya pili alikimeza kwa nguvu, na kutapika kukazidi.

15 Ramadhani. Mwezi mpevu, bamvu. Aliingia mwani kwa sababu kamba zilikuwa zimejaa na zingekatika. Alipoinuka baada ya kufunga kamba ya tatu, alianguka. Wenzake walimtoa nchi kavu na kumnywesha maji, na saumu ya siku hiyo ikaondoka. Usiku mavyaa alimletea kombe. Hilo halikumdhuru, ni zaafarani na maji, ila nalo halikukaa tumboni. Siku ya 16 alifunga tena.

17 Ramadhani (wiki 8 kamili). Mhudumu wa afya wa kujitolea wa shehia alipita kwenye ziara yake ya kila mwezi. Mavyaa alimpokea mlangoni, akasema mkwewe ana tumbo tu.

"Bibi, sikuja kuuliza ana nini," alisema mhudumu. "Nataka kujua jana alikojoa mara ngapi."

Mavyaa alinyamaza kidogo. "Mara moja. Alfajiri."

"Rangi yake?"

"Kama chai ya rangi iliyolala."

Kabla ya adhuhuri walikuwa ndani ya daladala kuelekea hospitali ya wilaya.

## Vipimo na maamuzi

Alipofika, uzito ulikuwa kilo 48. Kutoka 52 ni upungufu wa kilo 4, sawa na takriban asilimia 7.7. Kutapika kwa mimba kunakomwondolea mama zaidi ya asilimia 5 ya uzito, huku amekaukiwa maji na hawezi kula wala kunywa kama kawaida, hakuitwi tena kichefuchefu cha mimba. Huo ni ugonjwa, na unatibiwa kama ugonjwa. Shinikizo la damu lilikuwa 90/60, mapigo ya moyo 112 kwa dakika, midomo imepasuka. Kwa alama za PUQE, ambazo huuliza mambo matatu ya saa 24 zilizopita (saa za kichefuchefu, mara za kutapika, mara za kukokomoka bila kutoa kitu), alipata 13 kati ya 15. Kuanzia 13 ni hali kali.

Mkojo ulikuwa na ketoni (mabaki ya mafuta ambayo mwili huchoma ukikosa chakula) alama tatu, bila dalili za maambukizi ya njia ya mkojo. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa hasi. Vipimo hivi viwili havirukwi: malaria na maambukizi ya mkojo hutapisha pia, na mwenye mimba anaweza kuwa navyo vyote kwa pamoja. Potasiamu ilikuwa 3.1, chini ya kiwango. Damu (hemoglobini) ilisoma 10.4.

Ultrasaundi kabla ya yote mengine. Mwanamke mwenye mimba changa aliyeanguka huchukuliwa kuwa na mimba nje ya mfuko wa uzazi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Pia kutapika kupita kiasi huweza kutokana na pacha au mimba ya zabibu, yaani kondo linalokua vibaya bila mtoto wa kawaida. Picha ilionyesha kijusi kimoja ndani ya mfuko, moyo unapiga, urefu milimita 16. Urefu huo ni wa wiki 8, ukathibitisha hesabu ya 20 Rajabu na kuifuta ile "wiki 3" ya daftarini.

Dripu gani kwanza. Hapa nusura mambo yaharibike. Jamaa waliomba "dripu ya nguvu", na chupa ya dekstrosi asilimia 5, yaani maji ya sukari, ilishatundikwa. Muuguzi wa zamu aliifunga kabla haijaanza kwenda. Mwili hauwezi kuichoma sukari bila thiamini, yaani vitamini B1, na akiba ya thiamini mwilini ni ya wiki mbili tatu tu. Aliyetapika siku 11 akimiminiwa sukari kabla ya thiamini anaweza kupata madhara ya ubongo: macho kuchezacheza, kuyumba akitembea, kuchanganyikiwa. Madhara hayo wakati mwingine hayarudi nyuma. Kwa hiyo alipewa thiamini miligramu 100 ndani ya mililita 100 za maji ya chumvi kwa nusu saa. Kisha maji ya chumvi asilimia 0.9, lita 1 kwa saa mbili. Lita ya pili ilikwenda kwa saa nne ikiwa na potasiamu kloridi milimoli 20, na haikuanza mpaka mgonjwa alipokojoa. Jumla ya saa 24 za mwanzo: lita 3.

Dawa za kuzuia kutapika. Promethazini miligramu 25 kila saa 8, na vitamini B6 miligramu 25 mara tatu kwa siku alipoanza kumeza. Siku ya pili iliongezwa metoklopramidi miligramu 10 kila saa 8, sindano ikisukumwa polepole kwa dakika tatu au zaidi, na matibabu yasizidi siku tano. Mavyaa aliambiwa mapema kwamba dawa hii, hasa kwa wasichana, mara chache hukaza shingo, hupinda taya au hugeuza macho juu, na kwamba likitokea hilo aite muuguzi, dawa ya kuliondoa ipo. Maelezo haya ya dakika moja yana thamani kuliko yanavyoonekana. Mkwe anayepinda shingo na kugeuza macho usiku wa manane, kwa asiyeambiwa, huyo ana shetani, na safari inayofuata haitakuwa ya wodini.

Madini ya chuma yalisimamishwa, ikabaki asidi ya foliki peke yake, mikrogramu 400 kwa siku. Foliki ndiyo inayohitajika wiki hizi za mwanzo. Chuma kinaweza kungoja. Tumbo lililochafuka halikistahamili.

Saumu. Daktari hakutoa fatwa. Alisema kitu kimoja: ukifunga kesho utarudi hapa ukiwa hali mbaya zaidi. Shehe aliyepigiwa simu na mavyaa alisema kwamba mwenye mimba anayehofia nafsi yake anafungua na kulipa baadaye, bila fidia. Fidia, kwa madhehebu ya Shafi, huingia pale anapofungua kwa kumhofia mtoto peke yake. Hapo ndipo mgonjwa alipokubali kumeza kidonge mchana.

## Matokeo

Mkojo ulirudi rangi ya maji ya ndimu siku ya pili. Alitoka siku ya tatu na kilo 49.2. Kabla hajatoka damu ilipimwa tena, na safari hii ilisoma 9.6. Haikushuka wodini. Ile 10.4 ya mwanzo ilikuwa ya damu iliyokauka maji, nzito, na ilidanganya. Anayepima damu ya mgonjwa aliyekaukiwa na kuridhika na jibu, ajue hajapima.

Tarehe 25 alijiona mzima. Lilikuwa kumi la mwisho, akaacha vidonge, akala daku, akanuia. Hadi mchana alishatapika mara tano. Alifungua, akapelekwa kituoni, akapewa lita 2 za maji na kurudi nyumbani jioni ileile. Kurudi nyuma kwa namna hii hutokea mara nyingi, na karibu kila mara chanzo ni kuacha dawa siku ya kwanza ya unafuu. Dawa huendelea mpaka wiki ya 12 au zaidi, hupunguzwa kidogo kidogo.

Mwezi ulikamilika 30. Tarehe 6 Mfungo Mosi, akiwa na wiki 10 na siku 5, alianza kliniki rasmi, ndani ya wiki 12 ambazo Shirika la Afya Duniani linataka hudhurio la kwanza kati ya manane liwe limefanyika. VVU na kaswende hasi, kundi la damu chanya. Alipoulizwa anakula nini kisicho chakula, alicheka, kisha akasema mchele mbichi, gao moja kila siku, na udongo mara mojamoja. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Udongo hushika madini ya chuma tumboni yasifyonzwe, na kwa mwenye 9.6 hilo si jambo dogo. Kutapika kulipungua wiki ya 14. Hapo chuma kilirudishwa, miligramu 60 mara mbili kwa siku. Wiki ya 16 alikuwa na kilo 53. Alijifungua salama tarehe 1 Mfungo Nane, siku tatu kabla ya hesabu.

## Uchambuzi

Kisa hiki hakina mjinga wala mkaidi. Kina kweli tatu. Muuguzi wa kituo alisema mimba changa hutapisha, na ni kweli. Mwalimu alisema kutapika bila kukusudia hakubatilishi saumu, na ni kweli. Kidonge cha chuma ni muhimu kwa mwenye mimba, na hilo pia ni kweli. Kila mmoja alijibu swali aliloulizwa. Lililokosekana ni mtu wa kupima, na siku kumi na moja zikapita baina ya tapiko la kwanza na swali la kwanza lenye namba ndani yake.

Maswali yanayotenganisha kawaida na ugonjwa hayahitaji mashine. Amekojoa mara ngapi tangu jana, na rangi gani? Kipi kimekaa tumboni kwa saa 24? Nguo zimemlegea? Asiyekojoa kwa saa 8 akiwa macho, au asiyebakisha hata maji kwa siku nzima, apelekwe siku hiyohiyo. Ketoni kwenye mkojo zisiwe kisingizio cha kumrudisha mtu wala kumlaza: zinaonyesha hajala, hazipimi ukali. Miongozo mipya ya Uingereza imeziacha kama kipimo cha ukali, na ni sawa.

Kosa la "wiki 3" lilistahili kumshtua aliyeliandika. Kichefuchefu cha mimba huanza baina ya wiki ya 5 na ya 6 kwa wengi, na hupanda kilele karibu na wiki ya 9. Mwanamke anayetapika sana "wiki ya 3" ama tarehe zake zimekosewa, ama ana ugonjwa mwingine. Swali moja, "hedhi ya mwisho ilianza lini, hata kwa mwezi mwandamo?", lingeondoa utata.

Kuhusu usiri: wengi huulaumu, na lawama hizo hazisaidii. Mwanamke anayeficha mimba ya wiki sita anajilinda na maneno ya watu endapo itatoka, na mimba nyingi zinazotoka hutoka wiki hizi. Mhudumu alifanikiwa kwa sababu hakumlazimisha mavyaa kulitamka neno mimba mlangoni. Aliuliza mkojo. Hili ndilo la kuiga zaidi katika kisa chote.

Bamvu nalo lina sehemu yake. Ramadhani na maji hufuata mwezi mmoja, kwa hiyo tarehe 14 hadi 17 mkulima wa mwani aliyefunga huinama juani siku zilezile. Kwa mwenye mimba changa anayetapika, kamba hizo zifungwe na mwengine.

Nyumbani, kilichomsaidia kilikuwa kula kidogo kidogo, kila saa mbili. Kabla ya kuinuka kitandani, vipande viwili vya mkate mkavu au muhogo wa kukaanga uliopoa. Chakula baridi, kwa sababu harufu hupanda na mvuke, mwengine apike. Maji na chakula vitengane kwa nusu saa. Maji ya chumvichumvi, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, kijiko kikubwa kila dakika tano: ni kidogo machoni, lakini ni mililita 180 kwa saa, na kijiko hakitapishi kama bilauri. Dafu lilikaa vizuri, embe changa kwa chumvi pia. Chai ya tangawizi ilimfaa asubuhi tu. Baada ya kutapika asukutue kwa maji, asipige mswaki papo hapo, asidi hulainisha meno.

Siku za kulipa zilikuwa 15: ile ya kuanguka na zote kuanzia tarehe 17. Mhudumu na mavyaa walizipangia nafasi. Baada ya kuzaa mwanzo wa Mfungo Nane, nifasi ya siku 40 ilimfikisha katikati ya Mfungo Tisa, zikabaki siku 75 hivi kabla ya Ramadhani nyengine, huku ananyonyesha. Alilipa 9, Jumatatu na Alhamisi, akasimama maziwa yalipopungua. Zile 6 bado anazo, na udhuru wa kunyonyesha bado upo.